Pingamizi la Bibi wa Cherehani Dhidi ya Twiga

Chumba cha ushonaji,
mkabala na duka la vioo.
Alhamisi, baada ya chakula cha mchana.

Kwa Mwalimu Mkuu,
chekechea yenye geti la kijani.

Mwalimu wangu,

YAH: TWIGA, NA SAFARI YA JUMAMOSI

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kama una gundi mikononi basi umenawa kabla ya kuishika.

Mimi ni yule fundi cherehani mfupi anayeshona sare za watoto wako. Kola zote unazoziona mstarini asubuhi zimepita mikononi mwangu. Pia ni bibi, mzaa mama, wa yule binti wa miaka mitano mwenye pengo la mbele, ambaye mimi humwita Kifungo kwa sababu alipozaliwa alikuwa mdogo, wa mviringo, na kila mtu alitaka kumshika. Mama yake anafanya kazi maabara ya hospitali na baba yake ni fundi umeme, kwa hiyo tangu akiwa wa kubebwa mchana wake anashinda kwangu, chini ya meza ya kukatia nguo. Nayataja haya mapema ili ujue kwamba anayekuandikia si mpita njia.

Jambo lenyewe ni hili. Jumanne Kifungo alirudi na kikaratasi cha ruhusa ya kwenda bustani ya wanyama kumwona twiga wa kweli. Kikaratasi kinasema basi ni dogo, kwa hiyo kila mtoto atafuatana na mtu mzima mmoja tu wa nyumbani, na mtoto mwenyewe ndiye wa kumtaja. Kwenye nafasi ya mtu mzima, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wa mwalimu wa darasa, kumeandikwa: Bibi wa Mikate. Bibi wa Mikate ni mkwe mwenzangu, mzaa baba, anayeoka mikate mtaa wa pili. Bibi wa Cherehani ni mimi. Mimi sikuandikwa. Nilikisoma mara tatu, nikakigeuza nyuma labda kuna maelezo zaidi, na huko nyuma kulikuwa na mchoro wa twiga tu. Moyo uliniuma, Mwalimu, wala sioni aibu kusema.

Kwa hiyo nakuomba, kwa heshima zote, umwondoe twiga shuleni kwako. Kama hilo ni gumu, uahirishe safari. Kama hilo nalo ni gumu, ubadilishe jina moja kwenye kikaratasi kimoja. Sababu zangu nimezipa namba, maana nikiandika bila namba hasira hunipeleka pembeni kama mshono wa mtu anayejifunza.

1. Vibanio vya nguo. Mwezi huu, ambao shuleni mmeuita mwezi wa twiga, ulipoanza, mwalimu wa darasa aliomba kila mtoto alete vibanio vinne viwe miguu ya twiga wa boksi. Vinne si vingi, nikatoa kwa roho nyeupe. Siku ya pili Kifungo akanieleza kwamba twiga wake ni mpweke, akachukua vinne vingine. Siku ya tatu wale wawili wakapata mtoto. Leo nina twiga kumi na mmoja dirishani, wote wamesimama imara, na nguo zangu hazina cha kuzishika kwenye kamba. Wiki iliyopita upepo ulivuma, gauni langu la kulalia likaenda kutua juu ya kibao cha duka la vioo mbele ya wateja. Mwenye duka alinirudishia akiwa amelikunja vizuri huku anaangalia pembeni, jambo lililonifedhehesha kuliko kama angecheka. Niliporudi ndani niliomba niazimwe miguu miwili tu ya twiga mmoja, nianikie shuka. Nikaambiwa twiga wa miguu miwili huyo ni mbuni.

2. Chakula. Shuleni kwako saa nne wanakula biskuti za umbo la twiga zenye madoa ya chokoleti. Anayezileta ni mkwe mwenzangu. Nitamfikia, usiwe na haraka. Matokeo yake mtoto hali kitu kisicho na madoa. Mkate ulioungua, anakula. Yai lililomwagiwa pilipili manga, anakula. Ndizi nzuri ya manjano hataki, mpaka ilale siku nne ipate madoa meusi. Muuza matunda wa kona alikuwa akizitupa ndizi za namna hiyo. Sasa ananiwekea chini ya meza na kuniita mteja wake maalumu, tena kwa sauti. Halafu kuna kunywa. Mwalimu wa darasa amewafundisha kwamba twiga hupanua miguu ya mbele ndipo ayafikie maji. Ni kweli, sina ubishi. Lakini Jumapili walikuja akina mama wa kwaya kuchukuliwa vipimo, watu wazito, wenye mikoba. Kifungo akatembea taratibu mpaka katikati ya chumba, akapanua miguu, akainamia bakuli la maji na kunywa kwa ulimi, kisha akainua kichwa akatuangalia huku kidevu kinachuruzika. Mama mmoja aliniuliza kwa kunong'ona kama mtoto ameshaonwa na daktari.

3. Vitabu. Kila jioni mkoba unarudi na kitabu cha hadithi, na kila jioni ni twiga yuleyule kwa mavazi tofauti. Mara ameogopa ngazi, mara amekwenda kunyolewa, mara amekwama kwenye lifti. Msomaji ni mimi, kwa miwani ya kutungia uzi, mguu mmoja ukiwa bado kwenye pedali. Kuruka ukurasa siruhusiwi. Nikiruka anajua, ingawa hajui kusoma, na tunaanza upya tangu ukurasa wa kwanza. Juzi kilikuja kitabu cha maarifa kikasema shingo ya twiga ina mifupa saba, sawasawa na ya binadamu. Kifungo akapanda stuli, akanihesabia yangu kwa kidole, akafika saba. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini yangu sijaitumia. Mwalimu, nina miaka sitini na mitatu, nimelea watoto wanne na nimeshona nusu ya mji huu. Nilirudi kwenye pedali.

4. Koti la mlinzi wako. Sisi mafundi tunakata nguo kwa kufuata vipande vya karatasi ya kaki: cha mbele, cha mgongo, cha mkono, cha kola. Vyangu vinaning'inia kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango. Nyumba nzima inajua, na Kifungo anajua kuliko wote. Ndiyo maana aliporudi na shingo ya twiga waliyoikata darasani kwa karatasi hiyohiyo ya kaki, hakuitupa sakafuni kama mtoto wa ovyo. Aliitundika msumarini, mahali pake. Mtoto amefanya kila kitu sawa. Kosa ni la twiga. Mimi nilikuwa na koti la mlinzi wa geti lako mezani, mkono wa kulia nimeshaukata tangu jana yake, nimebakiwa na wa kushoto. Nikavuta karatasi, nikaitandaza, nikapitisha chaki, nikakata. Nilishangaa kidogo jinsi mkono ule ulivyokula kitambaa, lakini mkasi wangu ukishaanza kutembea huwa sijadiliani nao. Nilipomaliza kushona, mkono wa kulia ulikuwa wa mtu na wa kushoto ulikuwa unafika gotini.

Nilimwita mlinzi aje ajaribu, nikiwa nimeshajiandaa kuomba radhi kwa maneno marefu. Alijitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akauzungusha ule mkono mara mbili hewani, akasema asubuhi za baridi utamfaa sana. Halafu akaniuliza kama naweza kuurefusha na wa pili. Sasa nasikia watoto wanapita getini wameushika mmoja nyuma ya mwenzake, na wazazi wanauliza koti limeshonwa na nani, naye kwa wema wake anawaelekeza mpaka mlangoni kwangu. Miaka thelathini na minane ya jina zuri, Mwalimu, na sasa nafahamika kwa hilo.

5. Urefu. Hapa ndipo penyewe, vuta kiti. Twiga ni mrefu. Mtoto akiimba urefu asubuhi, akala urefu saa nne, akabandika urefu ukutani, akasomewa urefu jioni, mwezi mzima, ataona nini akimwangalia bibi yake anayepanda stuli ili awashe taa? Mimi ni mfupi. Nasema mwenyewe kabla hujaambiwa na watu. Kwenye kabati langu la juu kuna vitu ambavyo sijaviona tangu nihamie hapa. Kwa miaka mitano ufupi huu haukuwa na tatizo lolote. Mtoto alikuwa akinirukia shingoni bila mimi kuinama, na tulikuwa tunaelewana. Sasa ukutani kwangu kuna twiga wa karatasi wa kupimia urefu, kazi ya mikono kutoka darasani kwako, na Kifungo ametupima sote. Baba yake amefika kwenye jicho la twiga. Mama yake amefika shavuni. Mimi nimefika pale shingo inapoanzia, tena nikiwa na kilemba. Alinichorea kamstari kwa kalamu nyekundu, akanipongeza. Kila nikipita pale naangalia upande mwingine.

6. Mkwe mwenzangu. Sipendi kumsema mtu, na yule mama simchukii, tunasalimiana vizuri na mikate yake nanunua. Ila nisaidie kufikiri. Nani alisimama kwenye mkutano wa wazazi akapendekeza mwezi wa twiga, wakati mimi nilikuwa nimeshapendekeza mwezi wa kobe? Yeye. Nani analeta biskuti? Yeye. Nani hata akikaa kiti cha mwisho ukumbini anaona mpaka viatu vya mgeni rasmi? Yeye. Kwenye twiga wa karatasi alipimwa akafika masikioni, akasema lo, hata sikujua. Hakujua! Mtu anayeinama kila mlango. Na sasa kikaratasi kimetoka, kaandikwa nani? Mimi sisemi kuna njama. Nasema tu kwamba kama warefu wa mji huu wangetaka kufanya kampeni, wasingepata mwezi mzuri kuliko huu. Na tukinyamaza kwa twiga, muhula ujao utakuja mwezi wa mlingoti. Baada ya hapo sare zitaagizwa kwa kukadiria mtoto atakavyokuwa akifika darasa la saba. Mwisho wa yote watoto watawakimbia bibi zao wote wafupi na kwenda kulelewa na minara ya simu, na wewe Mwalimu utasema hukuonywa.

7. La mwisho ni dogo. Mimi ndiye niliyemwambia kwa mara ya kwanza kwamba kuna mnyama anaitwa twiga. Alikuwa na miaka miwili, anaumwa, hataki kulala wala kunyamaza, nikamchorea kwa chaki kwenye kitambaa cheusi cha suruali ya mteja. Akanyamaza. Akaweka kiganja juu ya ile shingo akaifuata mpaka juu. Nilitaka niwepo siku atakayomwona mwenyewe. Basi, hilo halina maelezo.

Utaniuliza kama nimemuuliza mtoto sababu. Sijamuuliza. Nimempigia mahesabu, nimemvizia, nimempa ndizi yenye madoa kuliko zote, lakini kuuliza sijauliza, kwa sababu naogopa atanijibu. Nilimuuliza mama yake, ambaye ni binti yangu wa kumzaa. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema mama jamani, ni safari ya saa tatu tu. Nikamkumbusha kwamba hata yeye nilimzaa kwa saa tatu na mpaka leo tunayazungumza.

Kwa hayo yote naomba mojawapo ya haya:

(a) Twiga aondolewe na nafasi yake apewe kobe, mnyama mwenye adabu, anayefikika na mtu yeyote.

(b) Au safari iahirishwe mpaka bustani ya wanyama itakapothibitisha kwa maandishi kwamba twiga atakuwa amelala chini.

(c) Au mwalimu wa darasa achukue ile kalamu yake ya bluu, afute Mikate, aandike Cherehani. Ni kazi ya nusu dakika, na kalamu nitamletea mwenyewe kama ya kwake imeisha.

Nisipopata jibu kufikia kesho saa nne, sare za muhula ujao nitazishona bila mifuko. Watoto wakikuuliza pa kuweka mawe yao, utawaeleza wewe.

Nisalimie mwalimu wa darasa. Mwandiko wake unasomeka, hata pale ambapo mtu angependa usisomeke. Nisalimie mpishi, mama wa usafi, dereva wa basi na mlinzi, na umwambie mkono wa pili utakuwa tayari Jumatatu. Watoto wote wasalimie, warefu kwa wafupi. Mkwe mwenzangu akipita na biskuti, mpe salamu za kawaida. Twiga simsalimii.

Ni mimi, ninayekuheshimu na ambaye bado sijakununia,

Bibi wa Cherehani

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii, natafuta bahasha, mlango ukagongwa. Alikuwa yule fundi bomba wa nyumba ya tatu, anayeishi na binti yake, wawili tu. Huyo binti anakaa dawati moja na Kifungo. Baba alisimama mlangoni na ovaroli lililolowa, akiniomba radhi kabla hata sijajua kosa. Mkononi alikuwa na kikaratasi kama chetu. Jumamosi ana zamu kwenye bomba kuu la maji, ndugu hapa mjini hana, na binti yake amemwambia asihangaike kwa kuwa jambo hilo limeshamalizwa. Kwenye nafasi ya mtu mzima, kwa kalamu ileile ya bluu, kumeandikwa: Bibi wa Cherehani. Alikuja kuniuliza kama ni kweli nilikubali au ni mambo ya watoto tu.

Nilimwita Kifungo, aliyekuwa chini ya meza akiokota pini kwa sumaku. Alijibu hukohuko bila kutoka. Alisema yeye ana bibi wawili na mwenzake hana hata mmoja, kwa hiyo amemgawia. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri sana mbele ya mgeni, kwa nini akanigawa mimi na asimgawe yule mwingine. Akashangaa kwamba sijui. Akasema wewe Mwalimu Mkuu uliwaambia ukimgawia mwenzako kalamu ya rangi unampa ile nzima, humpi iliyovunjika.

Ilinibidi nigeuke niendelee kutafuta bahasha, ingawa nilikuwa nayo mkononi.

Kikaratasi cha yule binti nimeshatia sahihi. Maombi (a), (b) na (c) nimeyafuta, mifuko nitashona, na kobe asiniletee mtu habari zake. Barua naituma hivihivi kwa sababu mkono umechoka kuandika nyingine. Safari isiahirishwe hata mvua ikinyesha. Jumamosi saa moja na nusu tutakuwa getini, mimi na mjukuu wangu mpya, na nimeambiwa hajui kufunga kamba za viatu, kwa hiyo basi litusubiri kidogo. Tafadhali tuwekee kiti nyuma ya Kifungo, nione uso wake pale atakapomwona.

Na mkwe mwenzangu asiambiwe na mtu habari ya kalamu iliyovunjika. Nitamwambia mwenyewe, ndani ya basi, taratibu.